Jinsi ya kumtembeza Goma mgeni aliyekuja kwa boti na mwenye siku moja tu

Mgeni anayevuka Ziwa Kivu kutoka Bukavu kwa boti la usiku hushuka bandarini Goma alfajiri, na mara nyingi tiketi yake ya kurudi ni ya jioni ile ile. Katika saa hizo chache wenyeji wake hutamani kumwonyesha kila kitu: soko, ziwa, mlima, nyumba za ndugu wote, kanisa, mpaka, na duka jipya la rafiki. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wenyeji hao, na unashikilia jambo moja. Mgeni wa siku moja aonyeshwe mji kwa kufuata njia moja, ile ambayo lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita mwaka 2002 ikishuka kutoka mlimani hadi ziwani, na mengine yaachwe, isipokuwa yale yanayogusana na njia hiyo au na chakula chake. Nasema hivyo kwa sababu nimewaona wageni wengi wakirudi botini wamechoka, simu zao zimejaa picha walizopiga wakiwa nyuma ya pikipiki, na hakuna hata sehemu moja ya mji wanayoweza kuisimulia.

Kabla mgeni hajapanda boti

Kazi ya mwenyeji huanza siku mbili tatu kabla ya safari. Mwulize mgeni jina la boti, saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na kama tiketi ya kurudi ameshaikata. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa kuwa mpango wa siku nzima utapimwa kwa saa ya kuondoka wala si kwa saa ya kufika. Mkumbushe kubeba kitambulisho chenyewe, yaani kadi ya mpiga kura au pasipoti, kwa sababu picha ya kitambulisho iliyo ndani ya simu haitamsaidia penye ukaguzi. Aje pia na sweta, hasa kama ametoka sehemu za joto kama Uvira au Kindu. Goma iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa ziwani usiku una baridi ambayo watu wa mabondeni hawaitarajii.

Kuhusu pesa, tangu vita vilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, benki za mjini zilifungwa na pesa taslimu zikaadimika, kwa hiyo mgeni asije akitumaini kutoa pesa huku. Awe na faranga za Kongo za kutosha nauli na ununuzi mdogo. Ikiwa ana dola, ziwe noti safi, kwa kuwa noti iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa na muuzaji na pia na mbadilishaji wa pesa. Usafiri wa ziwani nao umewahi kusimamishwa na kurudishwa katika kipindi hicho, na saa za kutembea usiku hubadilika pamoja na hali. Uliza bandarini siku ile ile, na usiridhike na habari za wiki iliyopita.

Jambo ambalo sitaki mwenyeji yeyote alione dogo ni jaketi la kuokoa maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova, likiwa limejaza watu kupita kiasi, lilizama karibu na Kituku, bandari ndogo na soko la samaki la Goma, huku watu walioko ufukweni wakiona kwa macho yao, na makumi ya abiria wakafa. Mwambie mgeni wako aombe jaketi kabla hajatafuta kiti, alivae tangu boti linapoondoka, na asione aibu kushuka akiona abiria wanaendelea kupakiwa wakati nafasi imekwisha. Kupoteza nauli ni hasara inayovumilika. Tena mweleze wazi kwamba hutakasirika akipiga simu kusema kwamba ameahirisha, kwa maana wapo watu wanaopanda boti bovu kwa kuogopa tu kumvunja moyo mwenyeji anayewasubiri.

Mwisho, chagueni kiongozi mmoja. Rafiki akiwa na wenyeji watano, kila mmoja huja na mpango wake, na asubuhi yote huisha mkibishana kando ya barabara huku mgeni akiangalia saa. Kiongozi ndiye anayeshika muda, ndiye anayeongea na motari, yaani dereva wa pikipiki, na ndiye anayemwambia shangazi kwamba leo tutapita kwake kusalimia tu. Wengine wafuate, hata kama wana mawazo mazuri zaidi.

Asubuhi, bandarini na Kituku

Msubirini mgeni nje ya lango, mahali mlipokubaliana kwa simu, wala msisukumane kuingia ndani kumpokea. Abiria hupita kwenye ukaguzi wa vitambulisho na mizigo, na kundi la watu wanaopunga mikono huongeza vurugu bila kuharakisha chochote. Asipige picha hapo. Bandari, uwanja wa ndege, mpaka na watu wenye silaha havipigwi picha, na simu iliyonyanyuliwa kwa furaha ya kufika inaweza kuwagharimu asubuhi nzima ya maelezo. Mwambieni kabla hajashuka, kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu akishashuka macho yake yatakuwa kwenye mlima na hatakumbuka.

Kutoka bandarini mpelekeni nyumbani kwanza. Mtu aliyekesha amekaa kwenye kiti, au aliyelala kati ya magunia na watoto wa watu, anahitaji maji ya moto, chai na mkate, na mahali pa kuacha mzigo wake. Saa moja ya nyumbani haipotezi siku. Mgeni aliyeoga na kunywa chai hutembea hadi jioni, na yule aliyeanza kutembezwa akiwa na begi mgongoni huomba kukaa kabla ya saa tano.

Baada ya chai, kama mgeni wenu hakukulia kando ya Ziwa Kivu, nendeni Kituku mkanunue sambaza za chakula cha mchana. Aliyekulia Bukavu anazijua sambaza tangu utoto, na kwake sehemu hii inaweza kurukwa. Lakini mtu wa Lubumbashi husimama kwa mshangao akiona beseni zimejaa samaki wadogo wanaong'aa, na hapo ndipo pa kumweleza mambo ya ziwa lenyewe. Samaki hawa hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, na sasa ndio kitoweo cha miji yote ya ufukweni. Wavuvi huwatafuta usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiwasha taa ili mwanga uwavute samaki kuelekea kwenye nyavu. Ziwa lina kina cha karibu mita 480, lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu tu, kwa kuwa huko chini hakuna oksijeni na maji yamebeba gesi ya methani na kaboni dioksidi kwa wingi mno. Mgeni akiwa ametazama maji yale tulivu baada ya kusikia habari hiyo, hatayaona tena kama mandhari tu. Nunueni samaki, mmpe mmoja wenu awapeleke nyumbani, kisha mrudi katikati ya mji. Kituku pia ni mahali ambapo familia nyingi zilisimama zikisubiri miili Oktoba ile, kwa hiyo msiende pale kwa kelele.

Njia ya lava

Sehemu hii ipewe muda mrefu kuliko zote, na ifanywe kwa miguu kila inapowezekana. Anzeni upande wa ziwa, mpande polepole kuelekea kaskazini kupitia katikati ya mji na mtaa wa Birere, mkiwa na Nyiragongo mbele yenu ikiwa mawingu yanaruhusu. Mlima huo una urefu wa mita 3,470, na ukiwa wazi asubuhi huonekana karibu kiasi kwamba mgeni huuliza kama tunalala usingizi kweli. Msimjibu haraka. Mwacheni atembee kwanza.

Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa mlima ulipasuka, lava ikatoka kwenye nyufa, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikakata mji katikati, ikaishia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na maelfu ya nyumba zikazikwa pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Baada ya siku chache watu walianza kurudi, wakikanyaga jiwe ambalo bado lilikuwa na joto, na wakajenga juu yake. Hilo ndilo mgeni anapaswa kuliona kwa macho: kwamba usawa wa mji ulipanda, kwamba majengo kadhaa ya ghorofa yalipoteza orofa ya chini na wenye nyumba wakaendelea na biashara katika ile iliyobaki juu, na kwamba kuta, misingi na nyua za mitaa mingi zimejengwa kwa jiwe lile lile lililobomoa nyumba za kwanza. Mwonyesheni ukuta mmoja, aushike kwa mkono, aone matundu ya hewa ndani ya jiwe na jinsi lilivyo jeusi. Kisha mwacheni aanze kuyatafuta mwenyewe. Baada ya mitaa miwili hatahitaji kidole cha mtu.

Lakini jiwe peke yake halitoshi, na hapa ndipo marafiki wanapoweza kumpa mgeni kitu ambacho mtembezaji wa kulipwa hana. Mtafuteni mtu aliyekuwa mtu mzima mwaka 2002, na ambaye nyumba au duka lake lilikuwa kwenye njia hiyo, asimulie akiwa amesimama pale pale. Anaweza kuwa baba wa rafiki, jirani, au mama anayeuza vitenge Birere. Mwombeni siku kadhaa kabla, si kwa kumshtukiza, maana kuna watu ambao habari hiyo bado inawauma, na mtu ana haki ya kukataa bila kueleza sababu. Mkifika, mgeni aanze kwa salamu kamili, amwite papa au mama kama inavyostahili, aulizie nyumbani na watoto, na akubali kukaa kabla ya kuuliza lolote. Simu ibaki mfukoni mpaka mwenye habari mwenyewe aruhusu.

Maswali mazuri ni madogo. Ulibeba nini? Mlilala wapi usiku ule? Nani aliwapokea? Ulijuaje kiwanja chako kilikuwa wapi wakati kila alama imefunikwa? Maswali makubwa, kama vile kwa nini watu hawahami, humfanya msimulizi ajitetee, na mazungumzo hufa. Kama mgeni analo swali hilo moyoni, na wengi wanalo, kiongozi amjibu baadaye njiani: kwamba ardhi ya lava ikichakaa hulisha nchi yote inayozunguka milima hii, kwamba biashara ya ziwa na mpaka iko hapa, na kwamba kaburi la babu ya mtu liko hapa pia.

Msiishie mwaka 2002. Wazee wanakumbuka Januari 1977, wakati ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko, lile shimo la kileleni, lilipomwagika kwa muda mfupi sana na kuua watu vijijini chini ya mlima. Vijana wanakumbuka wenyewe tarehe 22 Mei 2021, lava ilipokuja tena usiku na kusimama Buhene, ukingoni mwa mji. Siku tano baadaye, baada ya matetemeko mengi, watu wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuondoka. Wengine walikwenda Sake, wengine Rwanda, na wengine walijaa kwenye maboti kwenda Bukavu. Kama mgeni wenu ni mtu wa Bukavu, hapa mambo hugeuka, kwa kuwa pengine ni yeye anayeanza kusimulia: jinsi nyumbani kwao walivyolala watu kumi na watano sebuleni, jinsi mama yake alivyogawa sufuria. Mwacheni aseme. Siku hiyo ya matembezi mnamlipa deni, na ni vizuri alijue.

Njiani mtapita kwenye mzunguko wa Chukudu, penye sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, yaani baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Picha ya pale haina tatizo na mgeni ataitaka. Ila mfanye pia asimame karibu na chukudu inayofanya kazi, aone ilivyotengenezwa kwa mti mgumu, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira, na jinsi mtu mmoja anavyoteremsha mamia ya kilo za viazi, kabichi au makaa kutoka upande wa Kibumba. Akitaka kumpiga picha mwenye chukudu aombe ruhusa na ampe chochote, kwa kuwa mtu huyo amekatizwa kazi yake.

Chakula na nyumba za ndugu

Chakula cha mchana kiliwe nyumbani, katika nyumba moja, na ijulikane mapema ni ipi. Katika mji wetu nyumba inayotembelewa ni lazima itoe kitu, na mgeni anayekataa sahani anaumiza. Basi akipelekwa kwenye nyumba nne, atakula mara nne, atalala kwenye kiti cha nne, na siku itakuwa imekwisha. Kiongozi azungumze na familia nyingine mapema, kwa heshima, aombe soda au chai tu. Mama mkubwa atanung'unika kidogo, kisha atakubali akiambiwa saa ya boti.

Mezani hapahitajiki mapambo. Sambaza za kukaanga, sombe (kisamvu), ugali wa muhogo, maharage na fromaji (jibini) ya Masisi vinatosha kumkalisha mtu yeyote kimya. Waalikeni watu wachache ambao mgeni anaweza kuongea nao kweli, kuliko ishirini wa kumsalimia na kuondoka. Nafasi ya watoto iwepo. Mgeni hujifunza mji kwa maswali ya watoto kuliko kwa hotuba zetu.

Yale ya kuacha

Kupanda Nyiragongo hakuwezekani kwa mgeni wa siku moja hata nyakati za amani, kwa sababu njia ya kutoka Kibati huchukua saa nyingi na watu hulala juu. Kuvuka kwenda Gisenyi kunakula muda kwenye mistari ya mpaka na kunaweza kumwacha ng'ambo wakati boti linaondoka. Kwenda sehemu za Ziwa la Kijani na Mugunga kunahitaji mtu anayejua mazuku, yale mabonde madogo ambamo gesi nzito hutuama chini, haina harufu, na imeshaua watu na mifugo. Asiyejua mahali yalipo asiongoze mtu huko.

Na msimpeleke mgeni kutazama mateso ya watu. Akiwa na ndugu yake aliyehamishwa na vita, amtembelee, amshike mkono, amletee sukari au sabuni. Lakini kupita kwenye mahema au mabaki yake na simu mkononi, ili aseme kwamba ameona, ni kuwanyang'anya watu heshima ndogo iliyobaki. Akiuliza habari za vita, jibuni nyumbani, kwa sauti ya kawaida, na muwe waangalifu kuhusu nani yuko karibu.

Kurudi bandarini

Jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza hufuata upesi. Kuanzia saa tisa alasiri msifungue ziara mpya. Kaeni sehemu iliyo karibu na ziwa, mgeni apumzike, na mtu mmoja aende bandarini kuhakikisha kwamba boti lipo na saa haijabadilika. Kama mgeni ana siku ya pili, mshaurini arudi kwa boti la mwendo kasi la mchana, kwa kuwa usiku alipita bila kuona kisiwa cha Idjwi wala milima ya pande zote mbili, na huo ndio uzuri wa njia hii.

Zawadi ya kumpa iwe inayobebeka na isiyovunjika. Fromaji ya Masisi huvumilia safari vizuri ikifungwa kwa kitambaa safi. Viazi ni zawadi ya heshima, lakini gunia litamletea gharama ya wabebaji huku na huko, basi mfuko mdogo watosha. Msindikizeni mapema kabla ya msongamano, mhakikishe amepata jaketi lake, kisha msiondoke bandarini mpaka boti limeanza safari, kwa sababu saa ya mwisho ndiyo saa ambayo safari hufutwa kwa upepo, kwa mashine au kwa amri. Kwa ajili ya hilo, tangu asubuhi nyumbani pawe na godoro lililotengwa na chandarua kilichofungwa, na mama wa nyumba awe ameambiwa, ili safari ikifutwa mgeni arudi kulala bila mtu kuhangaika kuazima blanketi usiku. Ikiwa ameondoka salama, mtandao wa simu hukatika katikati ya ziwa, hivyo msishtuke akinyamaza. Mpangie mtu wa Bukavu atakayempokea asubuhi, naye huyo ndiye awapigie simu.